Muulize Fundi wa Springi: "Wameniambia niongeze majani mawili"

Mwezi uliopita niliandika mistari michache kuhusu springi za malori nikadhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza nimeanza. Barua zimekuja kutoka kwa madereva, wenye magari, mafundi wenzangu na hata wanafunzi, na zote zinauliza habari za majani, yaani vile vyuma bapa vinavyopangwa pamoja kufanya springi. Kazi hii nimeifanya tangu 1989, nilipoingia kwenye karakana moja hapa Morogoro kama kijana wa kupiga nyundo, na mpaka leo nikiona lori limesimama kando ya barabara limelalia upande mmoja, siwezi kupita bila kuinama nitazame chini. Kwa hiyo safu nzima ya mwezi huu ni ya springi.

Shikamoo fundi. Nina Fuso, nabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar es Salaam. Tangu Januari springi ya nyuma kushoto imekatika mara tatu, kila mara jani la juu, na kila mara pale kwenye tundu la senta bolti. Mara ya kwanza nilinunua jani jipya. Mara ya pili fundi alilichomelea, likadumu siku kumi na moja. Sasa wameniambia niongeze majani mawili ili springi ipate nguvu. Nimekutumia picha ya vipande. — Mwenye Fuso, Njombe

Marahaba ndugu yangu. Ahsante kwa picha, na ahsante zaidi kwa kutoisugua sehemu iliyokatika kabla ya kuipiga, maana maelezo yote yapo pale.

Itazame tena ile picha ya kwanza, ya jani ambalo halikuchomelewa. Pembeni mwa tundu kuna sehemu ya rangi ya kahawia, laini, yenye mistari myembamba iliyopindana kama alama anazoacha bahari mchangani maji yanapokupwa. Sehemu iliyobaki ni ya kijivu, inang'aa, ina chembechembe kama sukari. Ile ya kahawia ni ufa wa zamani. Ulianzia ukingoni mwa tundu, ukawa unaingia ndani kidogo kidogo kila gari linapopiga shimo, hewa na maji vikaingia, ukashika kutu. Ile ya kijivu ndiyo iliyokatika siku moja, chuma kilichobaki kiliposhindwa. Jani lako halikukatika siku uliyosikia mlio. Lilianza wiki nyingi nyuma, nawe ukapanda na kushuka mlima Kitonga nalo likiwa hivyo.

Sasa, mahali jani linapokatikia panasema kilicholikata. Likikatika nje kidogo ya sahani ya yubolti, zile bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, mara nyingi ni mzigo uliozidi. Likikatika karibu na jicho, pale ncha ya jani ilipokunjwa kupitisha pini, chunguza breki, bushi na shakeli (kile kiungo cha mwisho wa springi) iliyoganda isiyocheza tena. Likikatika kwenye tundu la senta bolti, kama lako, mtuhumiwa wa kwanza ni yubolti zilizolegea. Yubolti zikikaza sawasawa, ile sehemu ya katikati ya springi haipindi kabisa. Inakuwa kama kipande kimoja na ekseli, na tundu linapumzika. Zikilegea, katikati inaanza kupinda kama sehemu nyingine, na palipotobolewa ndipo pembamba kuliko pote. Senta bolti haikuwekwa kubana springi. Kazi yake ni kupanga majani na kuiweka ekseli mahali pake. Anayebana ni yubolti.

Katika picha yako ya tatu naona mstari mwekundu wa kutu umetiririka chini ya sahani, kama machozi. Ukiona hivyo, ujue vyuma viwili vinasuguana mahali ambapo havikutakiwa kusogea hata kidogo. Kila mara springi ilipofunguliwa ulirudishia yubolti zile zile, sivyo? Nyuzi zake zimeshavutika, hazishiki tena. Yubolti ikifunguliwa kwa kubadilisha springi isirudi garini. Nunua mpya zenye alama ya daraja kwenye chuma chake, 8.8 au 10.9, wala usikubali zile zinazokunjwa kwa moto kutoka kwenye chuma cha kawaida cha kujengea mageti.

Kwa nini kushoto kila mara? Barabara zetu zimeinuka katikati ili maji yateremke pembeni, na sisi tunatembea kushoto. Gari linaegemea upande huo safari nzima, tena mashimo ya ukingoni yanapigwa na magurudumu ya kushoto. Upande wa kulia nao unakuja nyuma, kwa hiyo fungua pande zote mbili.

Kuhusu kuchomelea sitapindisha maneno: jani la springi halichomelewi. Chuma hiki kina kaboni nyingi, kiwandani kimepashwa moto karibu nyuzi 850, kikazamishwa kwenye oili, kisha kikapashwa tena taratibu ili kiwe kigumu lakini kipinde na kurudi. Ukikichomelea, palipoyeyuka panapoa ghafla panakuwa kama kigae, na pembeni yake panalainika. Hata kama unachomelea chasisi juu ya springi, funika majani kwa gunia lililoloweshwa. Tone moja la moto likiangukia jani linatosha kuanzisha ufa.

Mwaka 1998 niliitwa kwenye lori la saruji lililosimama milimani, jani mama, yaani lile la juu lenye macho, limekatika mbele ya ekseli, mahali palipochomelewa kwenye gereji moja siku chache kabla. Jani mama ndilo linaloishika ekseli isirudi nyuma. Upande ule ekseli ilikuwa imerudi kiasi cha kiganja, tairi limegusa bodi, gari limevutwa lenyewe kuelekea ukutani mwa mlima. Lingevutwa upande wa pili, ni korongo. Kilichomwokoa dereva ni jani la pili, lile linalolikumbatia jicho la jani mama, ambalo liliishikilia ekseli mpaka gari likasimama. Nilikaa na yule kijana kandokando ya barabara mpaka alfajiri. Mikono yake haikuacha kutetemeka.

Kwa hiyo majani mawili usiongeze. Weka jani mama jipya pande zote mbili, senta bolti mpya, yubolti mpya, safisha kiti cha springi kisiwe na kutu wala uchafu, kaza kwa kuvuka, pembe hii kisha pembe ile, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia na kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukifika Makambako na mzigo wa kwanza, simama ukaze tena. Ukirudi Njombe, kaza tena. Majani mapya yanakaa sawa baada ya kubeba, na yakikaa yubolti zinalegea.

Fundi, mimi ni mama wa Tanga, marehemu mume wangu aliniachia biashara ya malori mawili. Juzi nimenunua la tatu, limetumika Ulaya. Springi za mbele zina majani mawili tu, na za nyuma matatu, na kati ya jani na jani naona mwanga unapita! Yale mawili ya zamani yana majani kumi kila springi. Dereva wangu anasema yameibiwa bandarini. Nimlaumu nani? — Mama wa malori, Tanga

Mama, pole kwa msiba, na nakupongeza kwa kuishika kazi. Hakuna mwizi hapa. Gari lako lina springi za aina nyingine.

Zile za malori yako ya zamani ni majani yenye unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho, yamepangwa marefu juu na mafupi chini, yamelaliana. Zinafanya kazi kwa kupinda na pia kwa kusuguana. Za gari lako jipya kila jani ni refu kamili, nene katikati, likipungua unene taratibu kuelekea ncha. Chukua kalipa, pima katikati ya jani, kisha pima karibu na jicho, utaiona tofauti. Limechongwa hivyo ili kila sehemu ya jani ifanye kazi sawa na nyingine, kwa sababu uzito unalipinda zaidi katikati kuliko mwishoni. Kwa njia hiyo majani mawili au matatu yanabeba yanachobeba majani kumi, kwa uzito mdogo zaidi wa chuma. Ule mwanga unaouona umewekwa makusudi: majani yanagusana katikati na nchani tu, hayasuguani, na gari linakuwa laini.

Mambo matatu, Mama, uyasimamie mwenyewe. La kwanza, dereva asiingize jani bapa la zamani kwenye ule mwanya. Litasugua, litachimba, na jani zuri litakatika. La pili, shokapu. Springi za majani mengi zinajituliza zenyewe kwa ule msuguano, hata shokapu zikifa gari bado linatembea. Hizi hazina msuguano huo. Shokapu zikivuja oili, badilisha wiki ile ile. La tatu ndilo kubwa. Kwenye springi ya majani kumi, moja likikatika yamebaki tisa, dereva anaweza kujikokota mpaka mji wa mbele. Kwenye springi ya majani mawili, moja likikatika umepoteza nusu. Hapo gari linasimama, mzigo unahamishwa, hata kama ni usiku na mteja anapiga simu.

Habari za kazi mzee. Naendesha tipa la mchanga, Kibaha. Bosi anataka tuongeze majani matatu kila upande wa nyuma, mazito, ya milimita 16, ili gari lisilale tukijaza mpaka juu. Yaliyopo ni tisa ya milimita 13. Mimi roho inasita lakini sina hoja ya kumwambia. — Dereva wa tipa

Nzuri kijana wangu. Roho yako inasita kwa haki, nami nitakupa hoja. Mpelekee bosi gazeti hili asome mwenyewe, nimeandika nikijua atasoma.

Bosi, nianze na hayo majani ya milimita 16. Ugumu wa jani haupandi sambamba na unene wake. Unapanda kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Jani la 16 si gumu kidogo kuliko la 13; ni gumu karibu mara mbili. Ukiyaweka matatu juu ya tisa, springi yako inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 60 hivi. Sasa, majani yote kwenye springi moja yamebanwa pamoja, yanapinda pamoja kwa kiasi kimoja. Vitu viwili vikipinda kwa kiasi kimoja, kinene ndicho kinachoumia zaidi, kwa sababu ngozi yake iko mbali na katikati. Jaribu kwa fito mbili, nyembamba na nene, uzipinde kwa tao moja. Ipi inalia kwanza? Kwa hiyo jani nene ulilolitia katikati ya membamba, lile ulilolinunua kwa bei kubwa, ndilo linaloanza kukatika.

Hilo ni la hasara ya fedha tu. Lililonifanya nikae niandike barua ndefu hivi ni breki.

Ingia chini ya tipa lako, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Malori mengi yana valvu ya breki imefungwa kwenye chasisi, ina mkono mrefu, na kutoka kwenye mkono huo kuna fimbo imeshuka mpaka kwenye ekseli. Gari likipakiwa, springi zinalala, chasisi inashuka, ekseli inabaki, ule mkono unainuka. Hivyo ndivyo gari linavyojua kuwa limebeba. Mkono ukiinuka, valvu inaruhusu hewa nyingi kwenda breki za nyuma. Gari likiwa tupu mkono uko chini, hewa inapunguzwa ili magurudumu ya nyuma yasifunge yakateleza.

Sasa umeongeza majani. Springi iliyokuwa inashuka milimita 100 kwa mzigo kamili inashuka 60 na kitu. Valvu haijui habari za majani yako, inaangalia mkono tu. Inaona gari limebeba nusu na kidogo, inatoa hewa ya nusu na kidogo. Umezidisha mchanga na wakati huo huo umepunguza breki, kwenye gari lile lile, siku ile ile. Dereva wako atabonyeza pedali mteremkoni na gari litamjibu kama lililobeba nusu. Wengine huifunga ile fimbo kwa waya mkono ubaki juu siku zote. Basi gari tupu likibonyezwa breki kwenye mvua linageuka kichwa nyuma.

Springi haikuongezei tani. Tani za gari ni za ekseli, beringi, rimu, tairi, breki na chasisi, na springi imepimwa ifanane nazo. Gari likilala, linakuambia limefika mwisho. Ukizuia lisilale, mzigo haujapungua. Umehamia kwenye vitu ambavyo havilali, vinavunjika. Nimeona chasisi zilizopasuka kwenye hanga, yaani vishikio, za springi, na karibu zote zilikuwa na majani ya ziada.

Gari hilo pia lazima lirudi tupu machimboni. Springi ngumu na mzigo mdogo, gari linadunda kama mara tatu kwa sekunde. Tairi likiwa hewani halishiki barabara, halifungi breki, halikati kona. Bolti zinafunguka, taa zinapasuka, na mgongo wa kijana huyu unamalizika kabla hajafika miaka 40.

Halafu kuna mizani. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana na 24 kwa tatu, na gari zima lisizidi tani 56. Watu wa mizani ya Vigwaza hawakuulizi una majani mangapi. Na hizo namba hazikutungwa kukukomoa. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, malori yakizungushwa kwenye barabara za majaribio usiku na mchana, yalionyesha kuwa madhara kwa lami yanapanda kwa uzito wa ekseli uliozidishwa mara nne kwa wenyewe. Ekseli iliyozidisha asilimia 20 inaiharibu barabara kama ekseli mbili halali. Yale mashimo yanayokata springi zenu, sehemu kubwa mmeyachimba wenyewe.

Dereva, kama bosi hatakubali baada ya kusoma, nakuomba kama mwanangu: usilipeleke hilo gari mteremkoni.

Mwalimu, niko chuo cha ufundi, mwaka wa pili. Tumefundishwa kuwa majani mafupi ya chini yamepinda zaidi kuliko jani mama, na kabla ya kufungwa kuna mwanya kati yao. Kwa nini wasiyapinde sawa? Na je, tunaweza kukokotoa springi sisi wenyewe? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Swali hili limenifurahisha sana, maana kuna mafundi wa miaka ishirini hawajawahi kuuliza.

Lile jani la juu lina kazi nyingi kuliko wenzake. Wote wanabeba mzigo, lakini yeye peke yake ana macho, kwa hiyo anavutwa na breki, anasukumwa pembeni kwenye kona, anapindwa gurudumu moja likipanda jiwe. Anastahili kupunguziwa. Sasa weka majani mezani yakiwa huru: jani la pili limepinda zaidi kidogo kuliko la kwanza, la tatu zaidi kuliko la pili, na katikati kuna mwanya. Ukikaza senta bolti mwanya unafunga. Majani mafupi yanalalishwa kidogo, na jani mama linapindishwa kidogo zaidi ya tao lake. Kule kupindishwa ni kinyume cha mzigo unavyolifanya. Kwa hiyo mzigo ukija, sehemu yake ya kwanza inatumika kulirudisha jani mama lilipokuwa. Linaanza kazi likiwa na akiba. Fundi anayechanganya majani ya springi tatu tofauti, akayabana kwa nguvu mpaka yagusane, ameiharibu akiba hiyo bila kujua, na pengine ameigeuza ikawa deni.

Kukokotoa, ndiyo. Chukua namba ya unyumbufu wa chuma, kwa springi tumia niutoni 200,000 kwa milimita ya mraba. Izidishe kwa 8, kwa idadi ya majani, kwa upana, na kwa unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Kisha gawanya kwa urefu wa springi uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, halafu ukazidishwa kwa 3. Tuseme urefu kutoka jicho hadi jicho ni milimita 1400, upana 90, unene 13, majani 9. Utapata karibu niutoni 346 kwa milimita, yaani kama kilo 35 kuishusha milimita moja. Iwekee tani 4.5, itashuka milimita 127 hivi. Springi halisi ni ngumu zaidi kidogo, kwa sababu yubolti zinakula urefu. Urefu unaofanya kazi ukishuka kutoka 1400 hadi 1300, ugumu unapanda karibu robo nzima. Fanya hesabu hiyo kwa mkono wako, kisha nenda gereji ukapime gari tupu na gari lililopakiwa kwa futi. Nitumie majibu yako, nitayachapa.

Salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mekanika wa jua kali. Wateja wanaleta springi zimelala, wanataka tuzipige nyundo zirudi tao. Zinarudi, lakini baada ya mwezi zimelala tena na nyingine zimekatika. Tunakosea wapi, mzee?

Mnakosea kidogo tu, lakini kwa upande mbaya. Springi ikiwa garini, mzigo unalivuta jani kwa juu, upande wa ndani ya tao. Ndiyo sababu viwandani jani jipya humiminiwa mvua ya vijipira vidogo vya chuma upande huo, na springi nzima hukandamizwa kupita mzigo wake kabla ya kuuzwa. Yote mawili yanaacha ngozi ya juu ikiwa imebanwa, na ufa haupendi kuanzia mahali palipobanwa. Nyinyi mkilipinda jani baridi kurudisha tao, mnaacha ngozi ile ile ikiwa imevutika hata kabla ya mzigo. Mzigo unakuja kuongezea.

Njia halali ya kurudisha tao ni kulipasha jani zima, kulikunja likiwa jekundu, kulizamisha kwenye oili na kulipasha tena kwa kipimo. Kama karakana yenu haina tanuri lenye kipimo cha joto, mwambieni mteja ukweli anunue mpya. Na kabla ya kuuza jani lolote lililotumika, lining'inize kwa waya uligonge kwa nyundo ndogo. Jani zima linalia kama kengele na sauti inabaki. Lenye ufa linatoa mlio mfupi wa bati. Nilifundishwa hivyo nikiwa kijana, na mashine zimekuja lakini bado nagonga.

Utingo wangu anapaka oili chafu kwenye springi kila Jumapili. Ni sawa? — Dereva, Singida

Amwache. Kwa barabara za vumbi, oili na vumbi vikikutana vinakuwa msasa katikati ya majani, na mpira wa bushi unalainika. Springi ioshwe kwa maji tu. Siku ikifunguliwa, kila jani lisuguliwe kwa brashi ya waya, lipakwe rangi, na grisi ya grafaiti kidogo sana pale majani yanapogusana.

Lori langu linatembea kiupande. Usukani nimenyoosha, gari linakwenda, lakini aliye nyuma yangu ananiambia anaona ubavu. Tairi za mbele zinaliwa. Nimepima alaimenti mara mbili. — Dereva wa Masasi

Umepima mbele, na tatizo nadhani liko nyuma. Senta bolti ya springi moja ya nyuma imekatika, au tundu la kiti limepanuka, ekseli imesogea. Egesha mahali pa usawa, weka vigingi kwenye magurudumu. Chukua futi, pima kutoka pini ya mbele ya springi hadi katikati ya ekseli, kulia, kisha kushoto. Zinatakiwa kulingana. Zikitofautiana hata milimita 5, fungua. Usiisukume ekseli kwa jeki na kukaza yubolti juu yake. Itarudi ilikokuwa tuta la kwanza tu. Kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu lake kwenye kiti bila kucheza, na kama tundu limekuwa yai, kiti kibadilishwe. Ukimaliza, pima tena, tembea kilomita kama 50 ukiwa tupu, pima mara ya tatu. Namba zikibaki zile zile, pakia korosho zako.